Dole Lisilo na Maneno

Kilwa Masoko,
Jumamosi, baada ya adhuhuri.

Kwako Dada Warda,
Rasbura, Lindi.

Shikamoo dada. Natumaini karatasi hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Ridhiwani na watoto, na kama kuna anayekohoa basi kiwe kile kikohozi chenu cha vumbi kinachokuja na kuondoka bila kuaga. Sisi huku tu wazima kwa kiasi cha kuweza kusema hatujambo. Mama anakusalimu sana. Goti lake linamuuma mvua zikikaribia, na siku hizi anatabiri hali ya hewa kuliko redio, tofauti ni kwamba redio haimwamshi mtu aje kuikanda.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi kutoka kwa fundi simu. Ni kama kumkuta muuza samaki anakula maharage. Lakini kwa simu ungenikatia kabla sijafika katikati, au ungeniambia uko kikaoni, na mimi ningefurahi kupata kisingizio cha kunyamaza. Nakuomba usome mpaka mwisho. Ikiwa umeifungua ofisini, ikunje kwanza, uisome nyumbani.

Nitarudia hata mambo unayoyajua, maana nimegundua kwamba jambo moja kila mtu analijua kwa upande wake.

Unamkumbuka Likwata, yule mwenye kibanda cha vocha jirani na meza yangu pale sokoni, mwenye sauti ya kumwita mtu aliyeko gatini bila kusimama. Wakati tulipoingia kwenye ule mtandao wa maswali na majibu, Ulizana, yeye aliingia kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake miaka mingi. Mtu akiuliza dawa ya kuku, Likwata anajibu. Akiuliza namna ya kumpatanisha mke na mama mkwe, Likwata anajibu, na yeye mwenyewe wake wawili walishamkimbia. Nyinyi mlioko mbali mlimwona mpuuzi. Sisi tuliokaa naye tunajua hakuwa na ubaya. Alikuwa hawezi kuona swali limekaa peke yake, kama wengine wasivyoweza kuona mtoto wa mtu analia barabarani.

Utaratibu wa Ulizana unaujua: jibu likikupendeza unalipiga dole la juu, likikuudhi unalipiga dole la chini, na wasomaji wanaona idadi tu, hawaoni ni nani. Mimi peke yangu, kwa kijiwe cha Kilwa, ndiye ninayeona majina, kwa sababu walinifanya mwangalizi. Ni cheo kisicho na mshahara. Walinitumia fulana, ikafuliwa mara moja, sasa inavaliwa na mtoto wa jirani.

Mwaka jana wenye mtandao huko Dar es Salaam walituuliza kama anayepiga dole la chini alazimishwe kuandika sababu. Kijiwe kikawaka moto. Bakary wa mashine ya kusaga alisema anayemwaga uji wake amwambie kama umeungua au ni kiburi tu, ajue la kurekebisha. Mary mama ntilie akamjibu kwamba yeye akimwambia mtu sababu leo, kesho mtu huyo haji kula kwake, na mji wenyewe ni huu huu, watu watakosa pa kupishana. Heri kidole kiseme na mdomo ubaki salama. Wengine wakasema wakilazimishwa wataandika "basi tu" na kuendelea na safari yao.

Nawe uliandika. Maneno yako ninayo mpaka leo, maana yalikuwa marefu na hayakuwa na kosa hata moja la herufi, jambo ambalo kijiweni kwetu linatisha. Ulieleza jinsi ulivyowahi kumsahihisha mtu mmoja kuhusu kipimo cha salfa ya mikorosho, kwa adabu, na sababu zote, na malipo yako yakawa kutukanwa wiki nzima. Walikuita mwanamke mjuaji. Walimtafuta shemeji wakamuuliza kama nyumbani anaruhusiwa kusema. Ukasema kura ya siri ni kinga ya anayejua, na kwamba aliyesoma hadaiwi darasa la bure kila anapokutana na ujinga njiani. Mimi nilikuunga mkono. Nisijipambe kwa hekima: niliona sababu zitaleta ugomvi, na ugomvi utaletwa mezani kwangu kati ya simu mbovu na chaja za watu. Tulishinda. Dole likabaki bubu.

Ambacho watu wa Dar hawakukijua, na wewe uliyeko Lindi huenda hukukiona, ni kwamba huku kijiweni dole la chini lilikuwa limeshapata kazi nyingine. Watu waliligeuza la utani. Ukoo wa Likwata na ukoo wa akina Nikodemu wa Kikole ni watani tangu mababu, na watani wamejaa kwenye simu siku hizi. Likwata akiandika neno lolote, watani zake wanalishukia kwa madole ya chini kama kunguru kwenye makapi ya samaki. Aliandika "Pasaka njema", wakalipiga. Aliandika kwamba amefiwa na mama yake mdogo, wakalipiga kuliko siku zote, naye akanionyesha kwa furaha huku machozi yanamtoka, maana mtani asiyekutania msibani huyo amekutupa. Kwa hiyo kwetu jibu la Likwata lililojaa madole ya chini halikumaanisha jibu baya. Lilimaanisha Likwata ana watu.

Sasa nije kwa Brigita, ambaye humjui.

Brigita ni mke wa huyo Nikodemu. Kwao ni juu kwenye uwanda wa Makonde, aliolewa akaja kulima Kikole. Mimi namfahamu kwa sababu ya simu yake, ambayo kioo chake kimepasuka kama kisigino cha mkulima na kila msimu ananiletea nikifunge kwa gundi. Ni mwanamke wa maneno machache. Kusoma anasoma polepole, kuandika hapendi, kwa hiyo mambo ya simu alimwachia bintiye mkubwa, Natalia, aliyekuwa darasa la tano. Mdogo wake Natalia anaitwa Lusia.

Mwaka jana huo huo nguruwe pori walikuwa wamemaliza muhogo mtamu wa Kikole yote. Watu wakapanda muhogo mchungu, maana nguruwe akiunusa anapita, mwenye akili kuliko sisi. Muhogo mchungu si tatizo ukiufuata taratibu zake: unaumenya, unaukata, unaanika makopa juani siku nyingi mpaka yavunjike kama vijiti, ndipo unatwanga. Lakini masika yale yalikataa kuondoka. Makopa ya Brigita yalioza juu ya paa, yakaota ukungu mweusi, akayashusha akayatupa, akaanika mengine, nayo yakaoza. Shambani muhogo upo, nyumbani hakuna cha kuweka sufuriani.

Natalia akauliza Ulizana. Swali lake nimelisoma mara nyingi kuliko ninavyopenda. Liliandikwa hivi, bila nukta wala mkato: "Mama anauliza muhogo mchungu mvua haziachi makopa hayakauki tufanyeje tule upesi asanteni".

Likwata alijibu kabla chai yake haijapoa. Alimweleza njia ya unga wa siku moja, ule ambao wazee wa kusini wanauita chinyanya: twanga muhogo ukiwa mbichi, kamua, tandaza palipo na jua la saa chache, rudia kutwanga, jioni una unga. Akamalizia kwamba yeye mwenyewe ameula mwezi mzima na bado anacheza ngoma mpaka asubuhi. Hakusema uongo. Alikuwa ameula kweli, nami nilikuwa namwona.

Madole yakaja. Machache ya juu, ya watu waliofurahia ile habari ya ngoma. Ya chini mengi, kama kawaida. Hakuna aliyeandika jibu jingine, kwa hiyo la Likwata likakaa pale juu, peke yake, kama mgeni rasmi.

Brigita hakuwa mjinga, dada. Alisita. Aliniambia mwenyewe kwamba mama yake mzazi alikuwa hakubali unga wa muhogo mchungu uliwe siku ile ile, ila hakuwahi kumweleza kwa nini, alikuwa anampiga mkono tu akiushika. Na yale madole ya chini aliyaona. Akaenda nayo kwa wifi yake, Anjelina, akamuuliza mbona watu wengi hivi wamelikataa jibu hili. Anjelina alicheka mpaka akashika ukuta. Akamwambia wifi, wewe umetoka kwenu juzi, hujui mambo. Dole moja ni langu, moja la mume wangu, na jingine ni la huyo huyo mumeo Nikodemu, alilipiga akiwa shambani. Likwata hata akisema jua ni la moto tunampiga. Brigita naye akacheka. Akachukua mchi.

Walikula unga ule majuma mengi, kwa mlenda, na mlenda ukiisha kwa chumvi. Samaki Kikole hafiki mpaka awe amekwisha kukataliwa huku Masoko, na maharage wakati ule yalikuwa ni chakula cha wenye nafasi. Walikuwa wanaumwa vichwa na kizunguzungu, wakadhani ni njaa ya zamani inatoka.

Asubuhi moja Natalia alitumwa kisimani. Aliporudi alikaa chini njiani akaweka ndoo pembeni, akasema miguu imekuwa ya mtu mwingine. Mama yake akamwambia aache uvivu. Kesho yake alipotaka kuamka miguu ilikataa. Haikuuma, haikuvimba, ilikaza tu, magoti yakagongana na visigino vikanyanyuka. Wakampeleka kwa mganga, akataja jirani. Wakampeleka kwa mwombaji, akataja dhambi. Mwisho wakampeleka hospitali, daktari akasema ugonjwa unaitwa konzo, unatokana na sumu iliyobaki kwenye muhogo mchungu usiotengenezwa vizuri, na kwamba miguu ile haitarudi. Brigita analitamka neno konzo kama jina la mtu anayemdai.

Natalia sasa anatembea kwa fimbo mbili, kwa ncha za vidole, miguu ikipishana kama mkasi. Shule iko mbali. Ameacha.

Daktari alieleza pia jambo ambalo wewe utakuwa unalijua. Alisema anayekula unga ule kwa samaki au maharage, mwili wake una cha kuipigania ile sumu. Anayekula kwa mlenda na chumvi hana. Likwata anakaa hatua chache kutoka mnada wa samaki, hakosi dagaa hata siku ya kufulia. Unga ule ule, kitoweo mbalimbali.

Habari ilipofika Masoko, Likwata alifunga kibanda chake mchana, jambo ambalo halijawahi kutokea hata siku ya uchaguzi. Akaniomba nimpeleke Kikole kwa pikipiki. Nilimwambia Nikodemu anaweza kumpokea kwa panga. Akasema mtani hapokewi kwa panga. Njia nzima hakusema neno lingine, na mimi niliyezoea kumwomba anyamaze nilitamani aniambie lolote, hata la kuku.

Nikodemu alitupokea. Akatandika mkeka, akatuletea maji, akamuuliza Likwata habari za watu wa kwao, mmoja mmoja. Kisha Brigita akatoka jikoni na ugali. Ulikuwa mkubwa, mweupe, umefinyangwa vizuri, na bakuli la mlenda pembeni. Mimi akaniwekea chai. Ugali akauweka mbele ya Likwata peke yake. Akamwambia karibu mtani, haya ni mapishi yako mwenyewe, tuambie kama tumepatia.

Dada, wewe unajua utani. Mtani anaweza kukuambia jambo baya kuliko hilo, ukacheka, ukamrudishia. Nilimtazama Nikodemu nikimwomba moyoni acheke. Anjelina alikuwa kwenye kizingiti cha nyumba yake, naye hakucheka. Likwata alinawa, akamega, akachovya, akala. Brigita akakaa mkabala naye, mikono mapajani, akamtazama kila tonge. Alipopunguza mwendo, Brigita akamwambia kwetu mgeni habakizi. Alikula mpaka akafuta sahani kwa kidole. Natalia alikuwa amejiegemeza mlangoni, na kwa kuwa amelelewa vizuri, alimuuliza babu Likwata kama aongezwe mlenda.

Kurudi alinishika kiunoni kama mtoto. Tangu siku hiyo hajafungua kibanda. Kule Ulizana amefuta majibu yake yote, hata yale mazuri, hata lile la kuwapatanisha mke na mama mkwe.

Lakini jambo lililonifanya nichukue kalamu lilikuja kabla hatujaondoka. Nilikwenda uani kuchukua pikipiki nikaona turubai limetandazwa, na juu yake kuna unga mbichi unaanikwa. Ule ule. Lusia amechuchumaa pembeni anafukuza kuku wasiudonoe. Nikamwita Brigita nikamuuliza, shemeji, bado mnakula huu? Akaniuliza wale nini kingine. Nikamwambia nimesoma kuna njia, unga unaloweshwa maji, unatandazwa mwembamba kivulini saa kadhaa, sumu inapotelea hewani, halafu unasonga siku hiyo hiyo. Hauhitaji hata jua.

Hakukasirika. Alisema amechoka. Alisema daktari amemwambia muhogo, mganga amemwambia jirani, mwombaji dhambi, mwalimu upungufu wa damu, na bibi afya aliyekuja na karatasi zenye picha alisema maneno mengi akaondoka kabla hajaulizwa. Na sasa fundi naye kasoma kwenye simu, ambako na Likwata alisoma. Alisema wote mmekuja baada. Nyumba ikishaungua kila mtu ana ndoo.

Kisha akaniuliza, kwa kuwa amesikia mimi ndiye ninayeona majina, kama katika yale madole yote ya siku ile lilikuwepo hata moja ambalo halikuwa la utani. Mtu aliyesema kweli usifanye. Nikamwambia nitaangalia.

Niliangalia, dada, maana mwangalizi huona hata yaliyofutwa. Niliyapitia majina yote: Anjelina, mumewe, Nikodemu mwenyewe, na wengine wa ukoo huo ambao ningeweza kukutajia hata walipozaliwa. Na moja. Lilikuja kabla ya yote, jioni ile ile, muhogo wa Brigita ukiwa bado haujafika kinuni. Jina lake ni Mkunazi.

Akaunti ya Mkunazi niliifungua mimi, kwenye baraza ya mama, kwa simu yako, baada ya yale matusi ya salfa, siku uliyosema hutaki tena jina lako lijulikane kwa sababu ya kazi yako. Uliangalia mti uliokuwa mbele yetu ukaniambia andika hilo.

Ulijua. Sina haja ya kukuuliza kama ulijua, muhogo ndio uliosomea. Ulisoma lile jibu, ukaona hatari iliyomo, ukalipiga dole la chini, ukaweka simu. Na hukukosea, katika wote waliogusa lile jibu, wewe peke yako ndiye uliyekuwa sahihi. Ila kidole chako kilianguka katikati ya vidole vya watu wanaocheka, na kwenye simu ya Brigita vyote vilikuwa sura moja.

Sikuandikii kukushitaki. Hukutwanga wewe, hukujibu wewe. Nakumbuka uliyofanyiwa kwa ajili ya salfa, na nakumbuka kwamba matusi yale nilichelewa kuyafuta, nikidhani utazoea. Wenye mtandao wametuuliza tena juu ya ile sheria, na safari hii sijui la kuwajibu. Mtu aliyeungua akilazimishwa kutoa sababu, huenda asipige hata hilo dole, akapita zake. Hapo Brigita asingekuwa hata na mtu mmoja wa kumngoja. Nimelizungusha hilo kichwani mpaka nimechoma simu ya mteja.

Maana nilirudi Kikole, nikapeleka kiroba cha unga wa mahindi, nikamwambia Brigita kwamba dole hilo lipo. Alikuwa anasonga. Hakuacha kusonga. Akauliza lilisema nini. Nikamwambia dole halisemi. Akauliza kama mwenyewe ni bubu. Nikasema si bubu. Akauliza kama ni mtu wa mbali sana, kama Ulaya. Nikasema hapana, ni mtu wa basi moja. Akaipua sufuria, akakaa.

Akasema huyo ndiye atakayemsikiliza. Aliyeona kabla. Alisema mtu huyo aje, amweleze kwa mdomo wake unga ule una nini na ufanyweje, naye atafanya hivyo hivyo, atalowesha, atatandaza, hata akiambiwa auimbie atauimbia. Wengine wote hawataki tena. Alisema nimwambie kwamba hatatukanwa. Sikuwa nimemgusia kabisa habari za matusi. Sijui alijuaje kwamba ndicho kinachoogopwa.

Jina lako sikulitaja, wala kwamba ni mwanamke, wala kwamba ni damu yangu. Mama hajui. Likwata hajui, ingawa nadhani angelala usingizi kama angejua kulikuwa na mtu wa kumzuia. Au asingelala kabisa. Ukikataa nitabaki nalo.

Ila nakuomba uje. Kiroba kile hakifiki mwezi mwingine kuandama, na turubai halijaondolewa uani. Limekunjwa tu likisubiri. Panda basi la asubuhi, nitakungoja stendi na pikipiki. Vaa viatu vya matope. Mama tutamwambia umekuja kumwona goti. Ukishindwa kabisa kuja, basi niandikie, na uandike maneno, nikamsomee kama yalivyo. Sijui kama yatamtosha.

Nisalimie shemeji Ridhiwani, mwambie ile redio yake imepona ila imerithi sauti ya pua. Wabusu watoto kwa niaba ya mjomba wao. Mama anasema umletee mafuta ya kuchua ya kwenu, ya huku anadai yamechanganywa na maji. Wote hapa nyumbani wanakutakia heri na afya, nami nakuombea kwa Mungu akupe wepesi wa safari, kama utaifunga.

Juzi nilipoondoka kule, Lusia alikuwa anamkimbiza jogoo, wanazunguka nyumba, anaanguka, anainuka, anaendelea. Mama yake alikuwa amesimama na mwiko mkononi anamtazama miguu.

Ni mimi mdogo wako,
Mfaume.